Kochi Lilikuwa Linakwenda Dirishani

Godoro la Tangulia lilikuwa limeshafungwa juu kabisa, miguu ya kitanda inachungulia pembeni, na pikapu imeshatoka uchochoroni na kuingia barabara kuu, na Kamba alikuwa bado hajasema. Si kwamba alisahau. Aliamka na neno lake, akanawa nalo uso, akakaa nalo asubuhi nzima kwenye kiti cha plastiki akitazama vijana wawili wa kukodi wakitupia maisha ya rafiki yake garini shaghalabaghala. Kila alipofungua mdomo, kilitoka kitu kingine. "Hicho kioo mtakivunja." "Kitanda hakilazwi hivyo." Neno lenyewe lilibaki kooni kama mwiba wa samaki.

Walikuwa wamebanana watatu kiti cha nyuma, kwa sababu kiti cha mbele, pembeni ya kijana wa Tangulia aliyekuwa akiendesha, kilikuwa na televisheni, nayo imefungwa mkanda.

"Hiyo televisheni inaheshimiwa kuliko sisi," alisema Mama Blanketi aliyekaa katikati.

"Televisheni ikianguka inavunjika, mama," kijana alimjibu.

"Na mimi nikianguka naongezeka?"

Hao wazee watatu walikuwa wahamishaji. Ukitaka kuhama, wewe na kabati lako na friji yako na cherehani ya mama mkwe wako, uliwaita wao. Tangulia alibeba upande wa mbele wa mzigo, mikono akiipeleka mgongoni, uso ukitazama njia, ndiyo maana akaitwa Tangulia. Kamba alibeba upande wa nyuma, na mafundo yake ya kamba hayakuwahi kufunguka mahali pasipotakiwa. Mama Blanketi, mjane mwenye ulimi wa wembe, alifunga vyombo na vioo katika mablanketi. Ujana wao ulikwenda hivyo, na kipande kizuri cha uzee pia, mpaka migongo ilipogoma.

Sasa, mtu anayebeba upande wa nyuma humtazama mwenzake kisogo. Kamba alikijua kisogo cha Tangulia kuliko alivyoujua uso wake. Alilijua lile kovu lililoachwa na mlango wa jokofu, na ile mikunjo miwili iliyokaza mwenyewe akikasirika na kulegea akicheka. Mambo yote mazito ya maisha yao waliambiana mzigo ukiwa mikononi. Kamba alitangaza uchumba wake chini ya meza ya kulia chakula ya watu kumi. Tangulia alipofiwa na mkewe hakulia msibani; alilia ngazini, wiki iliyofuata, amebeba friji, na Kamba akamwambia kisogoni, "Pole ndugu yangu, lia tu, ngazi zinakaribia kwisha." Lakini uwakalishe uso kwa uso, na chai katikati, wataongea habari za mvua mpaka chai ipoe.

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Tangulia alikuwa amebandika maharage jikoni akapitiwa na usingizi, majirani wakavunja mlango, na mwanawe, fundi miwani katika mji mwingine, akasema basi, baba atakuja kuishi kwangu. Na Kamba alikuwa na chumba cha uani, kitupu tangu binti yake aolewe. Alikuwa amekipaka rangi. Alitaka kusema, usiende, njoo ukae kwangu. Maneno ya mtoto wa chekechea. Na saa zilikuwa zinakatika.

Kijana alikuwa na fremu za miwani za kuchukua kwenye jengo moja la maduka, la ghorofa, lenye vioo kila upande. Aliegesha pikapu chini, akawapandisha wazee juu kabisa kulikokuwa na migahawa, akawachagulia mmoja wenye viti vyekundu.

"Kuleni mshibe," alisema. "Nimeshazungumza na watu wa kaunta. Nikimaliza namchukua baba tunaondoka, nyie nawaitia teksi. Na tafadhali, Bamdogo Kamba, msibebe kitu. Baba ana mgongo."

"Tubebe nini mgahawani?" Kamba alisema. "Chipsi?"

Mhudumu, binti mwenye kofia nyekundu, aliwakaribisha vizuri. "Shikamooni wazee wangu. Menyu iko hapo mezani, mnapiga picha hicho kimraba cha madoadoa kwa simu."

Mama Blanketi alikitazama kimraba kwa muda. "Marahaba mwanangu. Simu yangu mimi inapiga na kupokea. Kusoma haijafundishwa."

Binti akacheka, akawasomea yeye mwenyewe kwa mdomo. Wakaagiza piza moja kubwa, kuku wa kukaanga na chipsi, na juisi. Akawapa kidude cha duara, kama kisosi cheusi. "Kikitetemeka na kuwaka taa, chakula tayari. Mnakuja kaunta." Tangulia akakitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Wakakaa. Tangulia upande ule, Kamba upande huu, uso kwa uso. Tangulia alikuwa na macho makubwa yenye maji maji, na leo yalikuwa na maji zaidi. Mama Blanketi alimtazama huyu, akamtazama yule, akaanza kufunga bilauri tupu katika karatasi za kufutia mikono, moja moja, vizuri, kama zinakwenda safari.

Kamba akajipiga moyo konde. "Tangulia."

"Naam."

"Kule kwangu uani…"

Tangulia akaruka kitini, mkono kifuani, macho yamemtoka. "Nakufa! Jamani, moyo! Nakufa!"

"Hufi," Mama Blanketi alisema, bila kuacha bilauri yake. "Huyo ni kuku."

Wakaleta kuku. Wakaleta piza, ambayo jibini yake ilivutika kutoka sahanini hadi kidevuni kwa Tangulia bila kukatika, na Mama Blanketi akauliza kama akaazime mkasi. Walicheka, na kicheko kilipokwisha Kamba akaona hapa ndipo.

"Tangulia."

"Ee."

Yale macho. "Hebu nipe hiyo sosi."

Akapewa sosi. Baada ya kitambo akajaribu tena, akaomba sosi nyingine. Mara ya tatu Tangulia alimsogezea chupa zote kabla hajafungua mdomo. Chipsi za Kamba zilikuwa zimezama. Zilionekana ncha tu, kama watu waliopatwa na mafuriko.

Tangulia alipokwenda kunawa, Mama Blanketi alimpiga Kamba teke chini ya meza. "Utasema lini? Akishafika?"

"Wewe umejuaje?"

"Mtu hapaki rangi chumba cha uani mwezi mzima kwa ajili ya mende. Sema!"

"Siwezi. Ananitazama."

"Ulitaka akusikilize amefumba macho?"

Tangulia aliporudi alikuwa ameshika simu. "Mwanangu anafungiwa fremu zake. Anasema tujiandae." Akakaa kwa uzito, akaanza kukunja karatasi ya kufutia mikono, akaikunjua, akaikunja.

Hapo ndipo kochi lilipoingia katika habari hii. Lilikuwa kochi refu la ngozi ya bandia, jekundu, la watu sita, limeegemea ukuta wa huko ndani karibu na vyoo. Familia moja ilikuwa imekuja na bibi yao kumsherehekea siku yake ya kuzaliwa, na bibi alitaka kukaa kochini, na kochi alilitaka dirishani. Wahudumu wawili wa kiume wakalishika. Mmoja akavuta mkono wa kochi, mwingine akasukuma kwa goti, na mguu wa kochi ukapiga yowe sakafuni kiasi kwamba watoto waliziba masikio.

Kamba akafumba macho. Tangulia akauma meno. Yowe la pili likaja.

"Wanalivuta kama mbuzi," Tangulia alisema.

"Usitazame," Kamba alisema. "Mgongo wako."

Yowe la tatu. Wote wawili walijikuta wamesimama. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Walikwenda pale wakiwa bado wanatafuna, na Tangulia akawatenga wale vijana kwa mikono miwili kama anafungua pazia.

"Pumzikeni, wanangu. Linakwenda wapi?"

"Pale tu dirishani, mzee," alisema binti wa kofia nyekundu. "Lakini msijisumbue, wageni wetu…"

"Si usumbufu. Kamba, uko tayari?"

"Tayari."

"Haya. Inua."

Kochi likapaa bila sauti, kama limepungukiwa uzito. Mama Blanketi alikuwa ameshavua kitambaa cha meza yao na kukitandika juu ya kochi lisichubuke. Na Kamba akainua macho, na hicho hapo kisogo, na kovu lake, na mikunjo yake miwili. Ulimi ukafunguka kama bomba lililozibuliwa.

"Tangulia."

"Sema. Kulia kidogo, kuna kiti cha mtoto."

"Nimeona. Usiende kwa mwanao."

Mikunjo ikakaza. Miguu haikusimama. "Nisiende, nilale wapi? Kile chumba nimesharudisha ufunguo. Meza hiyo, inua."

"Nimeinua. Chumba cha uani kwangu ni chako. Nimekipaka rangi."

"Kumbe! Mimi nilikuona na rangi mikononi nikajua umepata mpangaji. Nikajisemea, basi, mwenzangu amejipanga. Kizingiti."

"Nimekiona. Mpangaji gani? Nilikuwa nakungoja wewe!"

"Sasa mbona hukusema?"

"Si ndiyo nasema!"

"Leo? Godoro liko juu ya gari?"

Dirisha lilikuwa upande wa kushoto, kabla ya mlango. Walilipita. Binti wa kofia nyekundu alidhani wanazungusha ili waliingize kwa pembe, akawashikia mlango. Wakatoka. Maisha yao yote, mzigo ukishanyanyuliwa ulikuwa na mwisho mmoja tu, nao ni gari, na miguu ya Tangulia haikuwa imeambiwa kwamba leo ni tofauti. Kichwa chake kilikuwa na shughuli nyingine. Kamba hakuona kitu ila kisogo.

Mama Blanketi aliona. Aliona dirisha linapita, akaona mlango unapita, akafungua kinywa, akasikia Kamba akisema, "Na choo kipo ndani, hutoki nje," akakifunga. Kisha akawatangulia kando, akipunga mkono. "Pisha njia! Mzigo! Wewe mwenye aiskrimu, sogea, mwanangu!"

Watu walipisha. Nani atawazuia wazee wawili waliobeba kochi kwa ustadi ule, na mwanamke anawasafishia njia? Mlinzi wa lifti ya mizigo aliwafungulia, akashika mlango kwa mguu, akawapongeza. Lifti ilikuwa nyembamba, ikabidi kochi lisimamishwe wima, Tangulia upande ule, Kamba upande huu. Sasa hata kisogo hakikuonekana, na ilikuwa afadhali zaidi.

"Kamba."

"Naam."

"Nakoroma."

"Najua. Tumelala lori moja mara ngapi?"

"Redio naiwasha alfajiri."

"Nimekupigilia msumari wa kuitundika. Kichwani mwa kitanda."

Lifti ikashuka. Mama Blanketi aliyekuwa amebanwa kona aliinamisha uso, akapangusa kitu kisichokuwapo kwenye kitambaa cha meza.

"Msumari," ikasema sauti ya Tangulia, imekwaruza kidogo. "Kule nimewekewa kiyoyozi. Lakini mchana kutwa hakuna mtu, nitazungumza na friji." Akavuta kamasi. "Mwanangu nitamwambia nini, Kamba? Ameacha kazi zake, amekodi gari."

"Hapo sijui."

"Tupakie kwanza. Nikipakia nafikiri vizuri."

Wakapakia. Yaani, walifika kwenye pikapu, Tangulia akatazama kazi ya wale vijana wa kukodi, akasonya.

"Kabati juu ya vyombo! Nani amepakia hivi?"

"Si waliokatazwa kubeba," Kamba alisema.

"Kizito kinakaa chini, kikiegemea kichwa cha gari. Hili kochi linatakiwa liingie la kwanza. Shusha vyote."

Wakashusha vyote. Godoro, kitanda, kabati, masufuria, gunia la nguo, jiko, na kioo kikubwa alichokipokea Mama Blanketi kama anapokea mtoto mchanga. Mlinzi wa maegesho, mtu mzima mwenye masharubu, aliwaazima kitoroli na kuzuia magari mengine kwa filimbi. Kochi likaingia nyuma ya pikapu kwa kipimo, kama limetengenezewa pale. Kamba alikuwa anavuta fundo la mwisho kwa meno, fundo zuri kabisa, wakati kijana wa Tangulia alipotokea na boksi lake la fremu.

Alitazama mali ya baba yake iliyotandazwa chini baina ya magari ya watu. Akatazama garini.

"Baba. Hili kochi la nani?"

Tangulia akalitazama kochi. Kamba akalitazama kochi. Mlinzi naye akalitazama. Kitambaa cha meza kilikuwa bado juu yake, kimeandikwa jina la mgahawa pembeni kwa herufi kubwa.

"Yesu na Maria," Mama Blanketi alisema, kwa mshangao ambao haukumdanganya mtu.

Wakati huohuo mlango wa ngazi ukafunguliwa kwa kishindo, akatoka meneja wa mgahawa akihema, na binti wa kofia nyekundu, na bibi wa siku ya kuzaliwa akijikongoja taratibu, kofia ya karatasi kichwani.

"Kochi langu!" meneja alisema.

"Langu," bibi alisema. "Nililiomba kwanza."

"Mzee, uliambiwa dirishani!"

"Niliambiwa," Tangulia alisema kwa upole. "Tulipitiliza."

Hakuna aliyeweza kumgombeza mtu aliyejibu hivyo. Binti wa kofia nyekundu aligeuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika. Meneja akamwuliza mlinzi kazi yake hasa ni nini pale, na mlinzi akasema kazi yake ni magari, habari za makochi hakuelezwa.

Walilirudisha wenyewe, Tangulia na Kamba. Safari hii meneja aliwatangulia akitembea kinyumenyume njia nzima, macho hayabanduki kwao, na alijigonga mara mbili. Kochi likawekwa dirishani. Bibi akakaa, akasema linafaa, akawakatia keki. Kamba alikuwa amekwisha sema yake; aliyebaki na la kusema alikuwa mwingine.

Waliporudi chini, kijana alikuwa amevua koti, ameshika upande mmoja wa kabati, anatafuta mtu wa kumshikia upande wa pili.

"Acha, mwanangu," Tangulia alisema. "Usipakie."

"Tutachelewa, baba."

"Siendi. Kamba ana chumba."

Kijana aliliweka kabati chini polepole. "Na mimi nina chumba, baba."

"Unacho. Kizuri."

"Nimenunua kitanda kipya. Nimewaambia watoto babu anakuja." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ungeniambia."

"Hukuniuliza. Ulipiga simu ukasema umeshapata gari." Tangulia alikaa kwenye kitanda chake, pale katikati ya maegesho, kama mtu aliye chumbani kwake. "Na mimi nikaogopa kukuvunja moyo, nikanyamaza. Ni kosa langu nusu, lako nusu. Lakini mwanangu, kule kwako nitakuwa televisheni. Nitafungwa mkanda nisivunjike."

Kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimgeukia Kamba. "Bamdogo, unajua akipika anasahau jiko?"

"Mimi sisahau. Nina njaa wakati wote."

"Unajua ana dawa za presha asubuhi na jioni?"

"Asipomeza namkaba," alisema Mama Blanketi. "Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka pale, na sina kazi."

Kijana akayatazama yale masufuria chini. Kisha akakunja mikono ya shati. "Haya. Nani ananifundisha kupakia? Njia ya kwa Bamdogo ina kona nyingi, sitaki vitu vimwagike."

"Shika hapo," Tangulia alimwambia. "Mikono mgongoni. Wewe tangulia."

Tangulia alikaa chumba cha uani miaka mingi, mpaka alipofariki kwa presha, akiwa amemeza dawa zake. Yeye na Kamba waligombana kila alfajiri kuhusu redio na hawakuelewana. Mwanawe alikuja kila mwisho wa mwezi na watoto. Kile kitanda kipya wakakilalia watoto. Siku hizi duka lake la miwani lina matawi mawili. Kamba bado yupo, masikio hayasikii vizuri, anaishi na mjukuu aliyehamia uani. Mama Blanketi aliolewa na yule mlinzi wa maegesho, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, mlinzi mwenyewe akiwa wa kwanza. Bibi wa siku ya kuzaliwa alisherehekea nyingine mbili, zote mgahawani palepale. Meneja alihamishiwa tawi jingine kwa ombi lake. Kochi limefungwa boliti sakafuni. Binti wa kofia nyekundu aliacha kazi hiyo, akasomea unesi, akamaliza.